Feni Tatu na Kanda ya Nafula

Jumatatu, 5 Februari 2007. Kitale

Kompyuta imezima tena. Dakika ya kumi na moja. Jana ilikuwa kumi na tatu. Video ya mazishi ya yule mzee wa Kamukuywa imekwama humo ndani, jeneza limeinuliwa na halijateremshwa. Wenyewe wamepiga simu mara mbili. Nimewaambia ni stima. Uongo. Stima ipo.

Nimefungua kifuniko. Vumbi la matrekta. Msimu huu wa kulima, hata sukari ya chai ina rangi ya udongo. Feni ya prosesa inazunguka kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Nimegusa hitisinki, kile kipande cha alumini chenye mapezi kinachobeba joto la prosesa. Kidole kimeungua. Nimepiga brashi, nimepuliza, nimewasha. Dakika kumi na nne. Haya basi, maendeleo.

Jumanne, 6 Februari

Simiyu, shemeji yangu, amefika kutoka Chwele bila kupiga simu. Nikajua kuna jambo.

Ugonjwa wa sukari umemmaliza mama yake jicho la kulia. La kushoto linafuata. Daktari wa Bungoma amemwambia asihesabu miezi, ahesabu wiki. Simiyu anasema Mama hakulia. Ameomba kitu kimoja: amwone Nafula kwenye kanda ya harusi kabla giza halijaingia.

Nafula, mke wangu. Mwaka wa pili huu yuko chini ya udongo.

Mama mkwe hakuwa harusini. Kwetu, mama wa msichana haji nyumbani kwa mkwe kula na kucheza. Mimi na yeye hatujawahi kukaa chumba kimoja, miaka kumi na miwili. Nikiingia kwao kwa mlango wa mbele, yeye anatoka kwa wa nyuma. Siku ya mazishi nilimwona mgongo tu. Hata simu anamshikisha Simiyu, amsemee. Ndiyo heshima yetu. Sijawahi kuilalamikia.

Lakini siku ya harusi Nafula alisimama mbele ya watu akamshukuru mama yake. Hotuba ndefu. Watu walipiga vigelegele. Mama hajawahi kuiona wala kuisikia. Kwao hakukuwa na deki ya kuchezea kanda wala stima. Kila Krismasi Nafula aliniambia tutafute njia tuipeleke. Kila Krismasi nilisema mwaka ujao. Mpiga picha wa harusi za watu wote, lakini mama wa mke wake hana nafasi.

Siku hizi Simiyu ana televisheni na mashine ya sidii, zinatumia betri ya gari. Nimemwahidi sidii kabla mwezi haujaisha. Nimeahidi kwa mdomo mpana sana.

Jumatano, 7 Februari

Kanda nimeipata darini, juu ya jiko. Mahali pa mpumbavu kuweka kanda. Ina ukungu mweupe pembeni kama mkate wa juzi. Nimeifungua, nimeipangusa kwa pamba, nimeizungusha kwa kidole mbele na nyuma. Nikaijaribu kwenye deki dakika moja na nusu tu. Picha ipo! Lakini nilipofungua deki, kichwa cha kusomea kilikuwa na unga wa kahawia. Picha yenyewe hiyo inayobanduka.

Kwa hiyo najua. Kanda hii itapita mara moja. Ikipita, kompyuta lazima iwe macho inaimeza, dakika hamsini na tano bila kuzima. Kompyuta yangu haiwezi kumi na tano.

Simiyu amepiga simu. Ati si nimpelekee Barasa kule Bungoma, ana mashine mpya. Barasa! Tulianza kazi pamoja, tukaachana vibaya, na sasa anawaambia wateja kwamba studio yangu ni makumbusho. Nimemwambia Simiyu harusi ni yangu, mke ni wangu, kanda ni yangu. Salio likaisha.

Alhamisi, 8 Februari

Sijawahi kununua kitu ninachoweza kukifungua kwa bisibisi kutoka kwa kilichokufa. Hiyo ndiyo dini yangu. Chini ya meza kuna kaburi la mashine: pawa saplai nne, yale masanduku ya kugawa umeme, kompyuta mbili za shule, amplifaya ya kanisa moja la Kapsokwony iliyopigwa na radi.

Leo nimetoa feni tatu kutoka kwa pawa saplai. Moja inapiga kelele. Tone la mafuta ya cherehani limeinyamazisha. Nimeziendesha zote kwa pamoja. Upepo mzuri. Karatasi za risiti zimeruka hadi mlangoni na nikacheka peke yangu. Nilikuwa sijacheka muda.

Ijumaa, 9 Februari

Nimekata mkebe wa mafuta ya kupikia nikatengeneza bomba: feni ya mbele inavuta hewa baridi, bomba linaielekeza moja kwa moja kwa prosesa. Ya pili juu ya prosesa. Ya tatu nyuma, inafukuza joto. Nimezifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili zisitetemeke. Mkono una jeraha la bati. Sijali.

Kwenye ukurasa ule wa kuwashia, mashine yenyewe inasema joto lake. Juzi sabini na nne. Leo sitini na tatu. Nikaiwekea yale mazishi ya Kamukuywa. Dakika ishirini na nane. Jeneza limeteremka. Hatimaye yule mzee amepumzika.

Ishirini na nane si hamsini na tano.

Jumamosi, 10 Februari

Amplifaya ya Kapsokwony ina hitisinki kubwa kama tofali. Nimeikata kwa msumeno wa chuma tangu asubuhi, nimeisugua kwa jiwe la kunolea mpaka uso umekuwa laini. Kibano nimekipinda kutoka kwa spoku za baiskeli. Jirani wa duka la mbegu ameingia akauliza natengeneza nini. Nikasema jokofu. Akaamini.

Najivunia. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia. Nafula angesema, "Wekesa, umeoa hiyo mashine," kisha angeniletea chai.

Jumatatu, 12 Februari

Nimeng'oa hitisinki ya zamani. Grisi nyeupe iliyokuwa kati yake na prosesa imekauka kama ukoko wa ugali. Ndiyo sababu joto lilikuwa halipandi kwenye hitisinki. Lazima grisi mpya. Nimeuliza Kitale yote. Hakuna. Wa Eldoret wana kijibomba kidogo, watakituma Ijumaa.

Ijumaa. Na Simiyu amesema leo asubuhi Mama alimwaga chai kando ya kikombe.

Sasa naandika ukweli jinsi ulivyo. Dirishani kulikuwa na mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale ninayompaka ng'ombe wangu kwenye chuchu. Meupe. Laini. Yanateleza. Nikajiambia grisi ni grisi. Kinachotakiwa ni kuziba nafasi ya hewa kati ya chuma na chuma, basi. Nikapaka. Nikapaka kwa ukarimu, kama mtu anayewapakia wageni siagi.

Nikalaza mashine ubavu mezani, nikafunga hitisinki mpya, nikawasha. Arobaini na tisa! Sijawahi kuona arobaini na tisa. Nikaiachia kazi dakika sitini. Haikuzima. Haikupanda hata hamsini na nne. Chumba kilinukia zizi la asubuhi, harufu ya maziwa. Nilikaa pale nikijiona fundi wa mafundi. Wacha Barasa aje aone makumbusho.

Kesho mapema, kabla jua halijachoma mabati.

Jumanne, 13 Februari

Imeharibika.

Jumatano, 14 Februari

Sikufungua studio. Nimemkamua ng'ombe, nimekaa.

Alhamisi, 15 Februari

Nitaandika mara moja na sitarudia.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hewa baridi. Mashine ikilala ubavu, waya wa deki haukufika. Nikaisimamisha. Hilo tu. Nikaisimamisha wima kama inavyosimama siku zote, nikachomeka waya, nikaweka kanda, nikabonyeza.

Picha ilianza. Boma letu, asubuhi ya harusi. Mpiga picha alikuwa wa upande wetu kwa hiyo alianza na sisi. Sufuria. Wajomba. Mimi nikifungwa tai. Mimi kwenye kioo. Mimi tena. Nikasema subiri, atakuja, gari lake linafika baada ya wimbo wa pili.

Nikasikia harufu ya zizi, safari hii kali. Nikatazama ndani. Mafuta yalikuwa yameyeyuka na kuteremka. Wima, hayakuwa na pa kukaa. Yalikuwa yanatiririka kutoka chini ya tofali langu la alumini, tone, tone, hadi kwenye kadi ya kuingizia picha. Prosesa imebaki kavu na tofali lake, kama mtu na mkewe waliopeana migongo. Skrini ikazima dakika ya kumi na saba.

Na hapa ndipo nilipokosa akili kabisa. Sikusimamisha deki. Nilianza kupuliza. Nilipuliza kwa mdomo wangu, nikapepea kwa daftari, nikabonyeza kitufe cha kuwasha kama mwendawazimu. Deki ikaendelea kuzunguka. Picha ilikuwa inaonekana kwa kompyuta tu, televisheni sikuwa nimechomeka. Kanda ilipita. Sijui dakika ngapi. Nafula alishuka kwenye gari, akaingia kanisani, akapita pale mbele yangu akibandukabanduka na hakuna jicho lililomwona. Kisha deki ikaguna na kuitafuna.

Nimetoa mita nyingi za kanda kwa kibanio cha nyusi cha Nafula. Imekunjamana kama utumbo. Mahali pengine ni plastiki tupu, naona mkono wangu upande wa pili.

Nimemuua mara ya pili. Najua si kweli. Nahisi hivyo.

Jumamosi, 17 Februari. Bungoma

Nimemeza mate na kiburi nikaenda kwa Barasa. Kanda kwenye mfuko wa sukari. Studio yake ina vigae. Mashine yake ina feni sita na haisikiki.

Nilitaka anicheke. Hakunicheka. Alivaa miwani, akainyoosha kanda juu ya kitambaa, kipande kwa kipande, saa mbili nzima. Alijaribu sehemu nne. Mchanga wa picha, mistari, sauti kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Kisha hakuna.

"Si ungeniletea wiki jana, bana," alisema. "Hii ingetoka. Ilikuwa ngumu, lakini ingetoka."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniingia.

Jumapili, 18 Februari

Zile dakika kumi na saba zimeokoka. Nilichomoa diski ya mashine yangu, nikaichomeka kwa ile kompyuta moja ya shule ambayo bado inawaka, zikafunguka safi kabisa. Nimezitazama. Nafula hayumo hata kwa bahati mbaya. Hata kivuli. Ni mimi. Nacheka, nanyoosha kola, natazama kamera kama waziri. Dakika kumi na saba za mkwe, kwa mama ambaye heshima haimruhusu kutazama sura ya mkwe.

Mungu naye ana utani mbaya.

Jumamosi, 24 Februari

Simiyu amepiga tena. Sikushika. Grisi ya Eldoret imefika. Iko juu ya meza, kijibomba kidogo kama dawa ya macho. Sijaifungua.

Jumapili, 25 Februari

Nimeshika simu. Nimemwambia Simiyu kila kitu. Mafuta, kanda, Barasa. Nilimwomba amweleze mama yake kwa namna atakayoona.

"Mimi siwezi kumwambia hiyo maneno," akasema. "Kuja wewe. Lete hiyo kidogo iko. Jicho lenyewe sasa linaona mchana tu."

Nimekasirika naye siku nzima. Hajakosea.

Jumamosi, 3 Machi. Chwele

Nimekwenda, na sidii ya zile dakika kumi na saba mfukoni.

Siku ya soko, boma tupu, wote wako huko. Simiyu alinitolea kiti akakiweka nje, chini ya dirisha, mgongo wangu ukutani. Mama alikuwa ndani. Niliweza kusikia pumzi yake na kikohozi. Sijawahi kuwa karibu naye hivyo.

Simiyu aliwasha. Nikasikia sufuria, wajomba, wimbo wa kwanza. Kisha nikasikia kigoda kikiburutwa sakafuni. Simiyu alichungulia dirishani akaninong'oneza: Mama amegeuka, anatazama ukuta, sura yangu imejaa kwenye kioo cha televisheni. Anasikiliza tu. Nilitaka ardhi inimeze. Ilimalizika. Mlio wa mashine.

"Simiyu, muulize mkwe. Nafula yuko wapi?"

Simiyu hakuja dirishani. Aliniachia mwenyewe. Nikafumba macho nikasema, kwa sauti, bila mtu wa katikati, kwa mara ya kwanza maishani: "Mama, hayumo. Kanda imeharibika. Ni mimi nimeiharibu."

Nikaeleza. Nilieleza hata mafuta ya ng'ombe, kwa sababu nikianza kuficha kidogo ningeficha yote. Nilieleza kwamba mtu mwingine angeweza na nilikataa kumpelekea. Kuku waliingia na kutoka. Nikafikiri Mama ametoka kwa mlango wa nyuma kama kawaida.

"Si wewe ulikuwa hapo?" akasema. "Sasa niambie."

Nikaanza. Nikasema gari lilikuwa jeupe, limefungwa matawi, likakwama kwenye lango wanaume wakalisukuma naye akiwa ndani. Nikasema alishuka na shela ikanasa kwa mlango na hakungoja msaada, aliivuta mwenyewe. Nikasema kanisani sauti yake ilisikika kuliko yangu na mchungaji akanitania. Nikasema alikula mguu wa kuku mbele ya wageni wote bila aibu. Hapo nilisikia kitu ndani, sijui kama ni kicheko. Nikaendelea. Mambo yalikuja ambayo sikujua ninayo. Nilisema labda nusu saa, nikiongea na kuku na uzio wa minyaa, mgongo ukutani.

"Na alisema nini juu yangu?"

Nilijua litakuja. Njia nzima kutoka Kitale nilikuwa nimetengeneza maneno. Mazuri. Bibi harusi yeyote angeyasema, mama yeyote angeyapokea. Yalikuwa mdomoni.

"Sikusikiliza, Mama. Nilikuwa naangalia kama soda zitatosha wageni."

Mimi nililia, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Hakuna aliyekuja kuninyamazisha na sikustahili.

Kisha sauti, karibu na dirisha kuliko mwanzo:

"Viatu je? Vilimtosha?"

Sikuelewa. Akaniambia viatu vya harusi alivinunua soko hilo hapo chini, akampa Simiyu apeleke. Nafula alikuwa mbali, kwa hiyo alipima kwa kamba aliyokata wakati msichana bado yuko shule. Miaka yote aliogopa kumuuliza.

"Vilimbana," nikasema. "Alivivua baada ya kanisa. Alicheza pekupeku kwenye nyasi. Mimi ndiye niliyevibeba, mpaka jioni."

"Nilijua," akasema. "Nilijua tu ni vidogo."

Hajasema amenisamehe. Sikuuliza. Simiyu alipitisha kikombe cha chai dirishani, nikakishika, kilikuwa moto, nikakinywa polepole. Ndani Mama alikuwa bado na maswali. Vilikuwa vyeupe au rangi ya maziwa? Alikuwa ameanza kusahau.

"Vyeupe, Mama."

"Na kifundo cha utepe hapa kando."

"Na kifundo, ndiyo."